Vitabu Saba Vinavyotazama Mlango

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijagongwa, mwalimu wa maktaba hugeuza vitabu saba. Vingine vyote, mia nne na ushei, vimesimama rafuni migongo nje, majina yamelala ubavu. Hivyo saba huvitoa mstarini na kuvisimamisha nyuso zikitazama mlango, ili mwanafunzi anayepita na ufagio aone picha ya jalada kabla hajaona chumba. Harudii vya jana. Anashika kimoja, anakirudisha, anatupa jicho dirishani kwenye mawingu yaliyotanda juu ya milima ya Ukaguru, anashika kingine. Siku ya kwanza nilidhani anapamba chumba. Siku ya tatu ndipo nilipong'amua kuwa namtazama fundi kazini, kama unavyomtazama seremala anapougeuzageuza ubao kutafuta upande wa kuanzia randa.

Shule sitaitaja, naye hakutaka jina lake liandikwe. "Andika kazi, mimi niache," aliniambia. Itoshe kusema ni sekondari ya kata karibu na Dumila, wilayani Kilosa, pale barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma inapoachana na njia ya Kilosa inayokata kushoto.

Msafiri anaijua Dumila kwa nyanya zake. Basi likipunguza mwendo tu, wauzaji wameshafika madirishani na sado za nyanya na vitunguu, kila mmoja akinyanyua chake kimfikie abiria usoni. Mwalimu amekulia hapo. Mama yake alikuwa na meza ya nyanya kando ya lami, naye akitoka shule ya msingi alikuwa akimsaidia kupanga mafungu. "Hakuna mtu aliyewahi kununua nyanya kwa mama kwa sababu ameambiwa zina vitamini," alisema. "Ananunua kwa kuwa ameiona. Ile nyekundu, yenye kikonyo kibichi, unaiweka juu ya fungu. Ukizipandisha zote juu, mteja haoni hata moja."

Ndiyo maana ni saba. Alishajaribu ishirini, akaona watoto wanapita kama wanavyopita ukutani penye matangazo mengi. Akajaribu vitatu, wakaona ni vile vile kila siku hata alipokuwa amevibadilisha. Saba vinatosha jicho la anayepita bila kusimama.

Mwaka 1931 mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za ukutubi ambazo mpaka leo zinafundishwa duniani kote. Ya kwanza inahusu matumizi: kitabu kiko maktaba kwa sababu ya msomaji. Ni jambo la wazi mno, hata mtu anajiuliza kwa nini lilihitaji kanuni. Lakini Ulaya ya zamani vitabu vilifungwa rafuni kwa minyororo, na katika shule zetu nyingi mnyororo huo ni kabati la ofisini lenye kufuli, ufunguo uko kwa mtu mmoja, na mtu huyo leo amekwenda wilayani.

Mwalimu hamlaumu mwenye kufuli. Anaieleza hofu yake kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuionja. Mkaguzi akija, huuliza vitabu viko vingapi na vilivyopungua viko wapi. Kitabu kilichopotea kina mtu wa kukijibia. Kitabu ambacho hakijafunguliwa miaka sita hakina wa kukijibia, tena kinaonekana kimetunzwa vizuri. Mkuu wa shule mwenye akili timamu, akiulizwa maswali hayo tu, atafunga kabati.

Kwa hiyo kazi yake ya kwanza alipopewa chumba ilikuwa kutengeneza madaftari mawili. La kwanza ni leja ya shule: namba ya kitabu, jina, mwandishi, kilikotoka, tarehe kilipopokelewa. Mhuri wa shule unapigwa kwenye ukurasa wa jina, kisha unarudiwa kwenye ukurasa mmoja wa katikati, ambao ni ule ule kwa vitabu vyote na viranja wa maktaba peke yao ndio wanaoujua. Daftari la pili ni la kuazimia, nalo linashikwa na viranja hao, si yeye. Lina safu za kawaida: jina, kidato, kutoka, kurudi. Halafu ipo safu ya mwisho ambayo sijaiona mahali pengine, nayo imeandikwa juu yake "Kimerudije?" Humo viranja hujaza maneno machache: kimeloa kidogo, kina alama ya mboga ukurasa wa 40, kimefunikwa kava jipya na mwazimaji. Mkaguzi akiuliza, leja inajibu. Mwalimu mwenyewe akitaka kujua kama kazi yake inakwenda, anasoma safu ile ya mwisho. Kitabu kinachorudi safi mno humtia wasiwasi.

Ukutubi ni taaluma yenye shule yake. Tanzania inayo Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya 1975; Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967; na tangu 1989 kipo chuo cha ukutubi Bagamoyo. Yeye hakupita Bagamoyo. Kama ilivyo katika shule nyingi, ni mwalimu wa somo, Kiswahili, aliyeongezewa ufunguo. Amejifunza kwa kuuliza, kwa kukosea, na kwa kukaa maktaba ya mkoa mjini Morogoro siku za likizo akiangalia wenzake wanavyopanga.

Huko alikutana na mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeugawa ujuzi wote wa binadamu katika makundi kumi mwaka 1876. Aliurudisha shuleni, akakwama. Kwa mpango huo fasihi ya Kiswahili iko 896.392, yaani mtoto wa Dumila anayetafuta riwaya ya lugha anayoiota usiku inabidi avuke fasihi zote za Ulaya, aingie kwenye mabaki ya mwisho wa mia nane, kisha ahesabu tarakimu tatu baada ya nukta. Namba aliziacha kwenye leja. Kwenye migongo ya vitabu akabandika rangi. Wazo la rangi alilitoa kwenye maktaba za shule za msingi zilizoanzishwa na shirika la Room to Read mkoani humu, ambako rangi humwonyesha mtoto kiwango cha ugumu. Yeye alilipindua. Kwake rangi inaonyesha hamu: nyekundu ni upelelezi na hatari, kijani ni watu wanaofanana na sisi, njano ni vichekesho na hekaya, buluu ni namna ya kutengeneza vitu. Aliyetaka cheko hahitaji kujua Dewey ni nani.

Alasiri moja nilimkuta akishona. Kitabu kilikuwa kimepasuka mgongo, kurasa zimetoka kwa mafungu kama karata. Kwanza alikung'uta makombo, akakuta ganda la karanga, akalitupa bila neno. Akapanga mafungu, akayagonga mezani mpaka yakalingana ukingo, akayabana kati ya vipande viwili vya mbao na kuvifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa msumari mwembamba na nyundo alitoboa matundu matano kandokando ya mgongo. Hapo akachukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi wa fundi viatu alioupitisha mara mbili kwenye mshumaa ili usiote manyoya. Anaanzia tundu la katikati, anakwenda juu, anarudi, anashuka chini, anarudi, anafungia pale pale alipoanzia. Nilimuuliza kwa nini katikati. "Ukianzia mwisho, mvuto wote uko upande mmoja. Kitakufa upande huo huo."

Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, uliopikwa na kupozwa. Shida yake ni kwamba mende na panya wanaupenda kuliko wanafunzi wanavyopenda riwaya. Kwa hiyo nyuma ya rafu kuna majani makavu ya mwarobaini, na miguu ya rafu yenyewe imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu kuzuia mchwa. Juu ya mgongo ulioshonwa alibandika kipande cha khanga kuukuu, akakilainisha kwa ukucha wa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje, mara nyingi zaidi kuliko nilivyodhani inahitajika. Kisha akakiweka chini ya tofali. "Mpaka kesho kutwa," alisema, na kiranja aliyekuwa akitazama akaandika tarehe. Zipo foleni za kuazima, na ipo foleni ya tofali.

Lakini kilele cha ufundi wake ni Jumatano, kipindi cha mwisho, anapowasomea Kidato cha Kwanza kwa sauti. Wiki hiyo alikuwa na *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, Mzanzibari aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Riwaya hiyo ilishinda shindano la uandishi la mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa 1960, kwa hiyo ina umri wa babu za watoto waliokuwa wakiisikiliza.

Hasimami mbele ya darasa. Anakaa kwenye kiti kando ya mlango, mwanga umwangukie begani. Haigizi sauti za wahusika. Anasoma kwa sauti ya chini kidogo kuliko ya mazungumzo, na darasa la watoto sitini likanyamaza lenyewe, maana anayetaka kusikia hana budi kumnyamazisha jirani yake. Kidole chake kinatangulia mstari mmoja mbele ya jicho, hivyo anajua panapokuja jina gumu na hajikwai. Maiti imekutwa kwenye mzimu. Watu wanasema hivi na vile. Bwana Msa anauliza swali ambalo halina maana yoyote. Mvulana wa dawati la nyuma alikuwa amesahau kufunga mdomo.

Hapo mwalimu akanyamaza. Hakuwa amefika mwisho wa sura, wala mwisho wa aya. Alikilaza kitabu kifudifudi mezani, akainuka, akatoka nje kumwagilia mchicha.

Baadaye alinionyesha ukurasa. Pembeni palikuwa na nukta ya penseli. Alikuwa ameipiga usiku uliotangulia, baada ya kusoma sura nzima mara mbili akitafuta mahali pa kukata. Mwisho wa sura haufai, anasema, kwa sababu mwandishi mwenyewe ameshaweka kizingiti hapo na msomaji anajua amefika, anapumua. Mahali panapofaa ni pale ambapo swali limeshaulizwa na jibu liko kurasa mbili mbele. Likiwa kurasa kumi, mvivu anakata tamaa. Likiwa kwenye ukurasa huo huo, wataliona wakichungulia, na njaa inaisha. Kurasa mbili.

Anazo nakala tatu za riwaya ile. Alitoa moja tu, mbili akazifungia kwenye kabati kwa wiki nzima. Jioni ile orodha ya kusubiri ilikuwa na majina kumi na tisa, na mwenye zamu ya kwanza, ambaye ana haki ya usiku mbili, alikuwa chini ya mwembe akiwasomea wengine watano waliokataa kusubiri. Nilimwambia huu ni ulaghai. Akacheka. "Mama angesema ni biashara. Ukimwaga tenga zima, bei inaanguka."

Si kila hila ilifaulu, naye anazihesabu zilizoanguka kwa uaminifu ule ule. Mwaka wake wa pili alitangaza zawadi ya madaftari kwa atakayesoma vitabu vingi zaidi katika muhula. Mshindi alileta muhtasari wa vitabu arobaini na kimoja. Alipoulizwa, ikabainika kuwa amenakili maneno yaliyo nyuma ya majalada. "Sikumchapa," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu majalada." Tangu hapo haulizi umesoma vingapi wala kitabu kinahusu nini. Anauliza swali moja: ni wapi ulipokasirika? Jibu la swali hilo haliko nyuma ya jalada lolote, na asiyesoma hukasirika mahali pasipokuwepo.

Mvulana wa Kidato cha Pili ambaye jioni hushinda gereji ya bodaboda alikuwa amesema wazi kwamba hasomi hadithi. Hakumbembeleza. Alimtafutia kijitabu cha rangi ya buluu kuhusu injini, chenye michoro, akakaa kimya miezi miwili. Kisha ukutani nje ya maktaba akabandika habari ya mechi ya Simba na Yanga iliyokatwa kutoka gazetini, nusu ya kwanza tu. Chini yake aliandika kwa chaki: goli la pili liko ndani. Waliingia wengi siku hiyo, na yule fundi wa pikipiki alikuwa miongoni mwao. Habari ilikuwa imebandikwa ndani kabisa, kwenye rafu ya nyekundu, kiasi kwamba huwezi kuisoma bila kusogeza Elvis Musiba na Faraji Katalambulla. Akatoka na *Simu ya Kifo* kwapani, akisema anamchukulia dada yake.

Kuna ukuta mgumu kuliko huo. Mtoto amesoma miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari, na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza asubuhi moja. Wengi hunyamaza, na ukimya huo huitwa uvivu. Maktaba ina dawa yake ndogo: vitabu vilivyofungwa viwiliviwili kwa mpira. *Things Fall Apart* cha Chinua Achebe kimefungwa pamoja na *Shujaa Okonkwo*, tafsiri ya Clement Ndulute ya 1973. *The Merchant of Venice* kiko na *Mabepari wa Venisi*, alichokitafsiri Mwalimu Nyerere mwenyewe akiwa Rais, kikatoka 1969. Mwaka huu amepata kwa msaada wa rafiki jozi mpya: *Paradise* cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2021, na *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022. Jozi haziachanishwi. Unaazima vyote viwili, unasoma sura kwa Kiswahili, kisha unaisoma tena kwa Kiingereza. Ukiingia mara ya pili unajua tayari nani atakufa, kwa hiyo akili haihangaiki na kisa, inabaki huru kuokota maneno. Msichana mmoja aliniambia kwamba Kiingereza cha Okonkwo "kilianza kusikika kama mtu ninayemjua."

Rafu ya kijani ndiyo anayoipenda zaidi, na humo kuna vitabu visivyouzwa duka lolote. Mtaalamu wa Kimarekani, T. O. Beidelman, alikuja Ukaguru miaka ya 1950, akakusanya ngano za Wakaguru na kuzichapisha nyingi katika majarida ya kitaaluma. Ngano za milima inayoonekana kutoka dirisha hili zinapatikana kwa urahisi zaidi katika maktaba za vyuo vikuu vya ng'ambo. Mwalimu hakulalamika, aligawa karatasi. Likizo ya Desemba kila mwanafunzi alirudi na ngano moja aliyosimuliwa na bibi, babu au jirani, pamoja na jina la msimulizi na kijiji chake. Zilisahihishwa, zikanakiliwa kwa mwandiko mzuri, zikashonwa kwa shazia ile ile, zikavishwa jalada la manila. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo la kifundi hasa: alizipa namba kwenye leja na kuzipiga mhuri kwenye ukurasa wa jina na ule wa katikati, kama kitabu kingine chochote. Kitabu hicho cha ngano kimeshonwa upya mara mbili.

Rafu zote zinaanzia usawa wa goti. Nilidhani ni uhaba wa mbao. Januari 2014 mafuriko yalisomba daraja la Dumila kwenye barabara kuu, Morogoro na Dodoma zikatengana, na watu wa Dumila na Magole wakalala nje. Mtu aliyeyaona maji yale haweki karatasi sakafuni. Masika yakikolea na mito ikajaa, wapo wanafunzi wa ng'ambo wasioweza kufika siku kadhaa. Kwa ajili yao kuna kasha la mbao lililokuwa la nyanya, lenye kamba ya kubebea, linaloingia vitabu ishirini. Mvua ikianza kutisha, linakwenda na mwanafunzi wa upande ule kabla njia haijafungwa. Kenya huduma ya maktaba ya taifa imekuwa ikiwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia tangu 1996. Mwalimu aliposikia habari hiyo aliuliza kitu kimoja: ngamia mmoja anabeba mangapi kama haya?

Sikwambii kwamba shule imebadilika. Chumba ni kidogo, nakala ni chache, na kuna wanafunzi watakaomaliza Kidato cha Nne bila kuazima hata kimoja. Anawajua kwa majina, na anasema mwaka haujaisha. Vitabu vilivyochakaa kupita shazia huviandikia orodha ya kufutwa kwenye leja. Mwaka jana vilikuwa kumi na vitatu. Anaipeleka orodha hiyo kwa mkuu wa shule na kuieleza kitabu kwa kitabu, kila kimoja kilitoka mara ngapi kabla ya kufa.

Ijumaa yangu ya mwisho nilifika jioni kuaga. Viranja walikuwa wanafunga madirisha. "Shikamoo madam," alisema msichana aliyeingia akihema, "kile cha jalada la mtumbwi bado kipo?" Mwalimu aliitikia, akaelekeza kidevu mlangoni. Tukageuka wote kutazama. Zile nafasi saba zilikuwa tupu, mbao zinaonekana. Akamwandika jina kwenye orodha, akazima taa, halafu akaiwasha tena. Alirudi rafuni, akaanza kuchagua vya Jumatatu.